Pedro Martínez Anakaa Kiti Gani Kati ya Warushaji Wakubwa wa Besiboli?

*(Hotuba hii ilitolewa mbele ya makocha, wachezaji vijana na wazazi wao. Tunaiweka yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Majedwali yaliyooneshwa ukutani tumeyaacha.)*

Ndugu makocha, wazazi wetu, na ninyi vijana mliokaa mbele na glavu mapajani, asanteni kwa kufika.

Swali la leo ni moja. Pedro Martínez, mtoto wa Manoguayabo, Jamhuri ya Dominika, anakaa kiti gani kati ya warushaji wakubwa wa besiboli wa nyakati zote? Cha kwanza? Cha tano? Cha ishirini?

Tukihesabu kwa lundo, hayumo hata katika safu ya mbele. Cy Young alishinda mechi 511. Walter Johnson alishinda 417. Nolan Ryan aliwatoa wapigaji 5,714 kwa straiki tatu, yaani mirusho mitatu mizuri waliyoshindwa kuipiga. Pedro alishinda 219, akapoteza 100, na waliotolewa kwa straiki zake ni 3,154. Sasa nawauliza: ilikuwaje basi mwaka 2015, mara ya kwanza kabisa jina lake lilipopigiwa kura, akaingia Hall of Fame, ule ukumbi wa heshima wa Cooperstown, kwa zaidi ya kura tisini katika kila mia?

Jibu langu nalitoa mapema, msije mkadhani nawazungusha. Ukipima kilele, hakuna mrushaji aliyepanda juu kuliko yeye. Ukipima mzigo wote aliobeba tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, wapo wanaomzidi, tena si wawili wala watatu. Vipimo hivi ni viwili tofauti, na ugomvi mwingi vijiweni unatokana na watu kuvichanganya.

Wazazi ambao mchezo huu bado ni mgeni kwenu, nivumilieni dakika moja. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Kila mpinzani anayezunguka vituo vyote na kurudi nyumbani ni mkimbio mmoja. Tunachukua mikimbio iliyotokana na urushaji wake mwenyewe, tukiacha ile iliyoletwa na makosa ya wenzake, tunazidisha kwa 9, kisha tunagawa kwa iningi alizorusha, yaani vile vipindi tisa vya mechi ya kawaida. Huo ndio wastani wa mikimbio. Ukiwa chini ya 3, huyo ni mrushaji mzuri sana. Ukiwa chini ya 2 kwa msimu mzima, ni jambo la nadra.

Haya, tuanze na mwaka.

Mwaka 1966 Sandy Koufax wa Los Angeles Dodgers alimaliza msimu na wastani wa 1.73. Mwaka 2000 Pedro, akiwa Boston Red Sox, alimaliza na 1.74. Tofauti yao ni sifuri nukta sifuri moja. Je, ni kazi ileile?

Uliza mwaka gani. Uliza uwanja gani. Uliza alikuwa akimrushia nani.

Koufax alirusha katika ligi ambayo wastani wa warushaji wote ulikuwa 3.61. Uwanja wa Dodgers ulijulikana kwa kuwabana wapigaji. Tena katika ligi yake mrushaji wa timu pinzani alilazimika naye kushika gongo, kwa hiyo kila mzunguko wa wapigaji tisa Koufax alikuwa na mmoja wa kupumulia. Pedro alirusha katika ligi ambayo wastani wake ulikuwa 4.91. Ligi yake, Ligi ya American, ilikuwa imeruhusu mpigaji maalumu kushika nafasi ya mrushaji tangu 1973, kwa hiyo hakukuwa na wa kupumulia. Uwanja wake wa nyumbani, Fenway Park, una ukuta wa kushoto ulio mita 94 hivi tu kutoka kwa mpigaji. Ni mrefu kweli, mita 11 na zaidi, lakini mpira ambao kwingine ungedakwa na mtu amesimama, pale unagonga ukuta na mpigaji anafika kituo cha pili. Na zama zenyewe? Ni zama za Mark McGwire kupiga homurani, yaani mapigo yanayovuka uzio wa uwanja, 70 mwaka 1998 na Barry Bonds 73 mwaka 2001.

Gawanya. Wastani wa ligi kwa wastani wa mtu. Koufax: 3.61 kwa 1.73 ni 2.09. Pedro: 4.91 kwa 1.74 ni 2.82. Watakwimu wakirekebisha kwa ajili ya viwanja na kuzidisha kwa mia, Koufax anapata 190 na Pedro anapata 291. Mia moja ni mrushaji wa kawaida. Katika zama za kisasa za mchezo huu hakuna mrushaji aliyewahi kumaliza msimu mzima juu ya hiyo 291.

Kuna namba nyingine ya msimu ule ambayo inatosha kumnyamazisha mbishi. Mtu wa pili katika Ligi ya American mwaka 2000 alikuwa Roger Clemens, na wastani wake ulikuwa 3.70. Toa 1.74 kwenye 3.70, unabaki na 1.96. Pengo kati ya wa kwanza na wa pili lilikuwa kubwa kuliko wastani wote wa yule wa kwanza. Ligi ile ilipiga kwa wastani wa .276, yaani mapigo safi 276 kwa kila majaribio elfu, lakini mbele ya Pedro wapigaji walipata .167.

Kuna mwenzetu tayari ananong'ona jina la Bob Gibson. Vizuri, tusimkwepe. Mwaka 1968 Gibson wa St. Louis Cardinals alimaliza na 1.12, namba inayotisha hata kuitamka. Lakini uliza mwaka gani. Mwaka ule wapigaji walikuwa wamebanwa kila mahali, kiasi kwamba bingwa wa kupiga wa Ligi ya American, Carl Yastrzemski, alichukua ubingwa kwa .301. Wenye mchezo waliona mizani imelala upande mmoja. Msimu uliofuata wakapunguza kichuguu kutoka inchi 15 hadi 10, yaani kutoka sentimita 38 hadi 25, na eneo la straiki nalo wakalifinya. Gibson alirusha akiwa juu ya kichuguu cha sentimita 38. Pedro, mtu mwenye urefu wa mita 1.80 tu, alirusha juu ya kile cha 25. Wastani wa ligi ya Gibson ulikuwa 2.99. Gawanya kwa 1.12, unapata 2.67. Ni kazi kubwa mno, lakini bado iko chini ya 2.82.

Hapa haki inanidai niseme na upande wa pili, maana wapo wanaomsifu Pedro wakakomea hapo. Koufax mwaka ule alirusha iningi 323. Pedro alirusha 217. Mmoja amebeba gunia zima, mwingine amebeba theluthi mbili za gunia. Tuhesabu basi mikimbio ambayo kila mmoja aliizuia ikilinganishwa na mrushaji wa kawaida wa ligi yake. Pedro: 4.91 toa 1.74, zidisha kwa 217, gawa kwa 9, inakuja 76. Koufax kwa njia hiyohiyo: 67. Gibson, aliyerusha karibu iningi 305: 63. Pedro bado yuko mbele, pamoja na uchache wa iningi zake.

Lakini mkimbio ni kama shilingi, ukizagaa thamani yake inashuka. Kwa kawaida inahitajika mikimbio kumi hivi kununua ushindi mmoja. Mwaka 2000 ilihitajika zaidi kidogo, na mwaka 1968 pungufu. Ukibadilisha ile mikimbio kuwa ushindi, watu hawa watatu wanakaribiana sana. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba msimu wa Gibson ulikuwa na thamani sawa na wa Pedro kwa timu yake, usimcheke. Ninachosema mimi ni hiki: kwa kila iningi moja, mpira kwa mpira, Pedro wa mwaka 2000 yuko peke yake.

Sasa jambo la pili. Ushindi ni wa nani?

Tarehe 3 Juni 1995, mjini San Diego, Pedro akiwa na Montreal Expos alipanda kichuguuni na kuwatoa wapigaji 27 mfululizo. Iningi tisa, hakuna aliyefika kituo cha kwanza. Kwa kawaida hapo mechi imekwisha, watu wanakumbatiana, jina linaandikwa kwenye orodha fupi ya waliorusha mechi kamilifu. Lakini wenzake nao walikuwa hawajapata hata mkimbio mmoja. Mechi ikaingia iningi ya kumi, Expos wakapata mmoja, Pedro akarudi, na Bip Roberts akapiga mpira wa vituo viwili. Kamilifu ikafutika. Montreal walishinda 1–0, na kwenye orodha ile jina la Pedro halimo mpaka leo, kwa sababu wenzake walichelewa kupiga. Sasa niambieni, siku ile mrushaji alikosea nini?

Ndiyo maana siku hizi hatuhesabu ushindi tu. Mwaka 2018 Jacob deGrom alikuwa na wastani wa 1.70, akashinda mechi 10 na kupoteza 9, na bado alipewa tuzo ya Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi. Waliopiga kura walielewa.

Makocha, chukueni kalamu. Mambo manne mrushaji anayafanya bila kusaidiwa na glavu ya mtu mwingine: straiki tatu, kituo cha bure anachopewa mpigaji baada ya mirusho minne mibovu, kumgonga mpigaji kwa mpira, na homurani. Kwa Pedro wa 1999, katika iningi 213 na theluthi, homurani ni 9, za bure 37, waliogongwa 9, waliotolewa kwa straiki 313. Zidisha homurani kwa 13, unapata 117. Jumlisha za bure na waliogongwa, 46, zidisha kwa 3, unapata 138. Zidisha straiki kwa 2, unapata 626. Mbili za kwanza zinakuwa 255. Toa 626, unabaki na hasi 371. Gawa kwa iningi, hasi 1.74. Kisha ongeza namba ya msimu, ambayo kazi yake ni kuleta jibu kwenye kipimo cha ligi. Mwaka ule ilikuwa karibu 3.13. Jibu, yaani wastani aliostahili kwa kazi yake mwenyewe, ni 1.39.

Wastani wake halisi mwaka ule ulikuwa 2.07, akaongoza ligi kwa mbali, akashinda 23 na kupoteza 4. Na bado hesabu inasema hata ile 2.07 ilimwonea. Kosa ambalo makocha wengi hufanya kwenye hesabu hii ni kuitumia kwa mechi mbili tatu. Iningi ishirini hazitoshi, homurani moja inapindua kila kitu. Subirini angalau mia.

Mnataka kuona namba ile ikiwa na miguu? Tarehe 10 Septemba 1999, Yankee Stadium, New York. Katika iningi ya pili Chili Davis alipiga homurani. Baada ya hapo hakuna Yankee mwingine aliyefika kituo. Wapigaji 22 mfululizo walipanda na kushuka. Waliotolewa kwa straiki 17, kituo cha bure hakuna hata kimoja, Boston wakashinda 3–1. Na hao Yankees ndio waliochukua ubingwa mwaka huo.

Lililoniuma, na bado linaniuma, ni kura ya mchezaji bora wa Ligi ya American mwaka huohuo. Pedro alipata kura nane za nafasi ya kwanza, nyingi kuliko mtu yeyote. Iván Rodríguez alipata saba, akashinda kwa jumla ya pointi, kwa sababu waandishi wawili hawakumweka Pedro hata katika kumi bora. Hoja iliyosikika ni kwamba mrushaji hucheza siku moja katika tano. Hoja hiyo haisimami. Katika siku yake moja mrushaji anakutana na wapigaji thelathini, na kila mpira unaanzia mkononi mwake.

Vijana, sasa zamu yenu. Alikuwa anarusha nini?

Dodgers, timu yake ya kwanza, walimwona ana mwili mdogo wa kuhimili kazi ya kuanza mechi. Novemba 1993 wakambadilisha kwa mchezaji wa kituo cha pili, Delino DeShields. Mwili mdogo, lakini vidole virefu mno, na mpira wake wa kasi ulifika kilomita 155 kwa saa. Kwa kasi hiyo mpigaji ana sekunde 0.4 hivi. Nusu ya muda huo anaona, nusu nyingine gongo liko njiani. Silaha yake kuu, hata hivyo, ilikuwa mpira wa pili, ule wa kupunguza kasi, uliopungua kwa kilomita 20 na zaidi.

Angalieni mkono. Kidole gumba na cha shahada vinakutana ubavuni mwa mpira na kufanya duara, kama mtu anayesema "safi". Vidole vitatu vilivyobaki vinalala juu ya mpira. Mpira unazama ndani, karibu na kiganja, haukai kwenye ncha za vidole. Kisha mkono unakuja kwa nguvu zilezile, kwa njia ileile, kwa kasi ileile ya mpira wa kasi. Kasi inapungua yenyewe, kwa sababu vidole viwili vyenye nguvu haviko nyuma ya mpira kuusukuma. Mpira wa Pedro, juu ya hayo, ulizama na kukimbilia upande wa mkono wake wa kulia, ukimtoroka mpigaji wa mkono wa kushoto.

Unaharibika wapi? Kwanza, kijana anapunguza mkono ili mpira uende polepole. Mpigaji mzuri anaona bega limelegea kabla mpira haujatoka, na mpira wa polepole uliogunduliwa ni homurani. Pili, anaubana kwa ncha za vidole, kasi inabaki na mpira unapaa. Tatu, anaurusha kabla hajaonesha mpira wa kasi, na mpira wa polepole bila wa kasi haumdanganyi mtu.

Sasa tufike kwenye mzigo, maana kiti hakipatikani kwa kilele peke yake.

Kuanzia 1997 hadi 2003 Pedro alishinda 118, akapoteza 36, kwa wastani wa 2.20. Tuzo tatu za Cy Young, moja akiwa Montreal na mbili Boston. Miaka saba ambayo ukiirekebisha kwa ligi na viwanja inasoma 213. Koufax katika miaka yake mitano mikubwa, 1962 hadi 1966, anasoma 167. Lakini iningi zao? Pedro 1,408 kwa miaka saba. Koufax 1,377 kwa miaka mitano tu, kiwiko kikaharibika, akastaafu akiwa na umri wa miaka 30. Pedro mwaka 2001 bega lilimsimamisha, akaanza mechi 18 tu. Hakuwahi kufikisha iningi 250 katika msimu wowote.

Usiku wa 16 Oktoba 2003 unaeleza udhaifu huo kuliko jedwali lolote. Ni mechi ya saba ya kuamua ubingwa wa Ligi ya American, Yankee Stadium tena. Boston wanaongoza 5–2, iningi ya nane inaanza, Pedro ameshatupa mipira 100. Derek Jeter anapiga vituo viwili. Bernie Williams anapiga, ni 5–3. Kocha mkuu Grady Little anapanda kichuguuni, wanazungumza, anashuka peke yake. Hideki Matsui anapiga. Jorge Posada anapiga mpira dhaifu unaoanguka katikati ya watu, na matokeo ni 5–5. Pedro anatoka akiwa na mipira 123. Katika iningi ya 11 Aaron Boone anamaliza kazi kwa mrushaji mwingine.

Nini kilitokea mkononi? Mkono uliochoka unashuka kidogo, vidole vinafika ubavuni badala ya nyuma, na mpira uliokuwa ukilengwa pembeni unarudi katikati. Kasi huenda isipungue, ndiyo maana kocha anadanganyika. Tena wapigaji walikuwa wanamwona kwa mara ya nne usiku ule. Makocha wa watoto, kanuni za Little League zinasema mipira 75 kwa siku kwa umri wa miaka 9 na 10, 85 kwa miaka 11 na 12, 95 kwa miaka 13 hadi 16. Na kwa walio na miaka 14 kwenda chini, akipita mipira 65, apumzike siku nne. Hesabuni. Asiyehesabu anaharibu bega la mtoto wa mwenzake.

Kabla ya kutaja kiti, kuna viti vitupu vya kukumbuka. Satchel Paige alikuwa mrushaji mkubwa wa ligi za watu weusi Marekani, miaka ambayo ligi kuu ziliwafungia mlango kwa sababu ya rangi, hadi Jackie Robinson alipoingia 1947. Paige aliingia 1948 akiwa na miaka 42, akashinda 6 na kupoteza 1 kwa Cleveland. Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, alirusha iningi tatu dhidi ya Boston bila kuruhusu mkimbio. Ilipofika Desemba 2020 ndipo ligi hizo zikatambuliwa rasmi kuwa ligi kuu. Orodha yoyote ya nyakati zote, na hii yangu imo, ina deni kwake.

Kwa mzigo wa maisha, basi, naweka mbele ya Pedro hawa: Walter Johnson, Cy Young, Lefty Grove, Greg Maddux, Randy Johnson, Tom Seaver, na Roger Clemens, ambaye ana tuzo saba za Cy Young ingawa waandishi hawakumpa kura za kutosha Cooperstown kwa sababu ya tuhuma za dawa, tuhuma anazozikana. Hapo Pedro ni wa nane, na Clayton Kershaw yuko begani pake. Kwa kilele, ni wa kwanza.

Na nikipewa mrushaji mmoja kwa mechi moja isiyo na kesho, ninayo sababu ya kumchagua yeye. Tarehe 11 Oktoba 1999, Cleveland, mechi ya tano ya mtoano. Pedro alikuwa ameumia mgongo katika mechi ya kwanza na kutolewa baada ya iningi nne. Cleveland msimu ule walikuwa wamepata mikimbio 1,009. Kufikia iningi ya nne ubao unasoma 8–8, mlango wa akiba unafunguka, na anayetoka ni yeye. Mpira wa kasi haukuwa na kasi yake. Akarusha wa kupinda, akarusha wa kupunguza kasi, pembeni, chini, pembeni tena. Iningi sita, hawakupata pigo hata moja. Boston 12, Cleveland 8.

Ndoo ya mipira iko pale mlangoni. Wadakaji, vaeni. Warushaji, simameni mita kumi na mbili, mshike duara kama nilivyoonesha, mirusho ishirini kila mmoja, na mkono usipunguze kasi.